Alama Nyekundu Getini

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua geti asubuhi, X hiyo hapo. Nyekundu. Pana kama shuka. Nimeigusa kuhakikisha, kumbe rangi mbichi. Sasa kidole chekundu, kalamu nyekundu, na hata ukurasa huu una doa.

Nilijua tu! Tangu mji wetu upandishwe hadhi kuwa jiji, watu wa halmashauri wanatembea haraka mno. Jiji! Zamani hapa palikuwa na matete, mbu na kituo cha kusukuma maji ya ziwa kwenda mji mkubwa ng'ambo ya ghuba. Kisha makarani wa ng'ambo walioshindwa na kodi wakaja kujenga huku. Wakafuata walimu, wauguzi, mafundi. Sasa tuna mizunguko minne ya barabara na duka lenye ngazi zinazopanda zenyewe. Asubuhi mji mzima unakwenda kazini ng'ambo, jioni unarudi kulala. Mchana tunabaki wazee, paka, na mimi mwenye duka la kutoa nakala.

Na sasa barabara ya ziwani inapanuliwa. Siku sitini, kisha tingatinga. Kila nyumba ya mstari wetu imepigwa X, isipokuwa moja. Ya jirani yangu, mpima ardhi mstaafu. Mtaa mzima unamwita Mpimaji.

Mke wangu, Mama Mapacha, kaniambia sababu. Nyumba ya Mpimaji imo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria. Eti wapimaji wa kwanza wa mji huu walilala barazani kwake. Barazani! Baraza lile limejengwa mwaka ambao mapacha wetu walianza darasa la kwanza. Nililiona likijengwa. Koleo lilikuwa langu!

Sijala. 

Jumanne, 4 Machi

Nimepeleleza. Orodha iko mikononi mwa Afisa Utamaduni, binti mwenye miwani na daftari kubwa, anayeandika kitabu cha historia ya mji kwa ajili ya sherehe za kuwa jiji. Atakachokiandika ndicho kitakachosimama. Asichokiandika, tingatinga.

Basi nyumba yangu ilikuwa zahanati ya kwanza ya mji. Nimeamua leo saa nne asubuhi. (Nyumba ni ya mama mkwe, kusema kweli, lakini geti niliweka mimi.)

Mama mkwe kaniuliza kama najua nyumba hii ilikuwa nini hasa. Nikamwambia mama, tulia, hii ni kazi ya kitaalamu. Akasonya, akaendelea kufuma sweta lake.

Zahanati lazima iwe nyeupe. Nimepaka sebule nzima chokaa, ile ya bei ya chini kabisa. Ukuta mmoja una mikwaruzo mibaya nyuma ya kabati, nayo nimeizika. Safi! Mama Mapacha karudi kutoka shuleni anakofundisha, kasimama mlangoni, kauliza nani kafariki.

Jumatano, 5 Machi

Historia inataka picha. Kamera ninayo dukani, ya picha za pasipoti. Nimemwita shemeji, mdogo wake Mama Mapacha. Nikamvika koti jeupe la muuza nyama wa jirani na duka, baada ya kufua doa ambalo halikutoka. Nikamsimamisha mbele ya nyumba. Muuguzi wa kwanza! Mtoto mchanga hatukupata, tukamfunga paka kwenye taulo. Kamkwaruza shemeji mara mbili. Shemeji anasema hanijui tena.

Nimeichapisha picha bila rangi, nikailoweka kwenye chai ya rangi, nikaikausha juu ya jiko. Imezeeka miaka hamsini kwa dakika ishirini. Nimeitazama hadi machozi yakanilengalenga. Kisha hofu ikanipanda. Je, atauliza jina la muuguzi?

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya.

Afisa kaja saa tatu. Mpimaji naye kaja, bila kualikwa, akajikaribisha kitini na kukunja nne. Nikatoa maelezo yangu. Wagonjwa walipanga foleni hadi ziwani. Dawa zilikuja kwa mtumbwi. Sauti yangu ilitetemeka, nadhani ilipendeza. Nikatoa picha.

Mpimaji kaishika kwa vidole viwili. Kaisogeza karibu na pua.

"Baba Mapacha," kasema, "enzi hizo mnara wa simu ulikuwepo?"

Kweli upo. Nyuma ya bega la shemeji, umesimama wima.

"Na huyu mtoto," kasema tena, "mbona ana mkia?"

Afisa hakucheka. Angecheka ningepona! Aliandika kitu kwenye daftari, kirefu, kisha akaomba kwenda kumsalimia bibi, yaani mama mkwe, jikoni. Alikaa huko saa mbili. Nimetega sikio mlangoni. Nimesikia birika tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nikianguka, sianguki peke yangu. Nimeandika barua dukani, nikaitoa nakala kwenye mashine, nakala hiyo nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni la halmashauri. Nimeeleza kwamba baraza la Mpimaji halina historia yoyote, na kwamba koleo lililotumika lipo na linaweza kuletwa. Nimetia sahihi: Mwananchi Asiyejulikana.

Moyo umetulia kidogo. Kwa nusu saa hivi. Halafu nimekumbuka koleo kila mtu anajua ni langu.

Jumatatu, 10 Machi

Afisa kaja dukani! Nikadhani nakamatwa. Kasalimia kwa adabu, kafungua bahasha.

"Naomba nakala tatu, mzee wangu."

Barua yangu. Nimeilaza kwenye kioo kwa mikono yangu mwenyewe. Nakala zikatoka moja moja, kila moja na lile doa dogo la pembeni ambalo kioo cha mashine yangu hutia, siku zote, kwenye kila karatasi. Na barua yenyewe ilikuwa nalo tayari. Afisa kaziweka sambamba juu ya kaunta. Katazama doa. Kanitazama mimi. Kashukuru, kalipa.

Mlangoni akageuka. Kasema Jumamosi atakuja na mpiga picha, kwa ajili ya ukuta wa sebuleni, ule wa nyuma ya kabati. Bibi kamweleza kila kitu. Tafadhali usiguswe.

Usiguswe! Nimefunga duka saa tano asubuhi.

Nimemkuta mama mkwe na sweta lake. Nikamuuliza, kwa heshima zote, ukuta una nini. Kanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomozea wapi.

"Miaka kumi na minane unaishi humu, baba, leo ndiyo unauliza?"

Akanieleza. Nyumba hii ilikuwa ghala la mabomba la kituo cha maji. Yeye alikuwa mfagiaji pale, msichana tu, na ufunguo alikuwa nao yeye. Mwaka wa mafuriko ziwa lilipanda likameza vibanda vyote vya matetini. Msimamizi wa kituo alikuwa ng'ambo, na amri ilikuwa ghala lisifunguliwe. Akalifungua. Familia kumi na moja zililala juu ya mabomba siku thelathini na nne. Kila asubuhi mtu mmoja alichora kwa msumari mstari mahali maji yalipofika, na pembeni alama za familia, nani yupo, nani kaondoka, nani kazaliwa. Kwa kufungua mlango ule alifukuzwa kazi, lakini ghala lililolowa hakuna aliyelitaka tena, akabaki nalo. Maji yaliposhuka, wale watu hawakurudi walikotoka. Walijenga wakimzunguka. Huo ndio mji.

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema.

"Nilisema. Ulikuwa ukitazama mpira."

Mimi nimeupaka chokaa. Mungu wangu, mimi nimeupaka chokaa!

Jumamosi, 15 Machi

Siku tano sijala sawasawa. Sikuthubutu kuugusa ukuta, wala kumwambia mtu. Afisa kafika na mpiga picha, tukasogeza kabati. Weupe mtupu. Nimekiri. Zahanati, paka, koti la muuza nyama, barua, koleo, yote yametoka kama maji ya bomba lililopasuka. Afisa kaniambia taratibu kwamba hayo yote alikuwa anayajua. Alichokuwa hajui ni kwamba chokaa ilifika hadi nyuma ya kabati.

Mama mkwe akainuka. Akachovya tambara kwenye ndoo, akapitisha ukutani mara moja. Chokaa ikatoka na maji kama maziwa. Chini yake, mstari. Ya bei ya chini kabisa! Tukaosha ukuta sote, Mama Mapacha, shemeji aliyekuja kutazama nikiaibika, Afisa mwenyewe kakunja mikono ya shati. Mistari thelathini na minne. Wa juu kabisa unanifika kifuani.

Mpimaji kaingia saa sita, nadhani kuja kucheka. Hakucheka. Kasogea hadi pembeni mwa ukuta, kapiga goti, mzee mzima na goti lake bovu, kagusa alama ndogo kama karai.

"Hii ni yetu," kasema. "Mama alinileta humu ndani ya karai. Nilikuwa na miezi mitatu."

Kisha kamgeukia Afisa kasema baraza ni uongo, afute. Aliogopa tu. Nyumba ndiyo kitu pekee alichobaki nacho tangu mkewe afe. Mama mkwe akamwita mwanangu, akamletea kiti. Nimekwenda uani. Vumbi la chokaa linaumiza macho.

Jumatano, 19 Machi

Tumeokoka! X imefutwa. Ghala limeingia kwenye kitabu, sura ya kwanza, na picha ya mama mkwe akiwa na tambara. Barabara itakunja kona kabla ya kutufikia, na kwa kuwa itakunja hapo, nyumba ya Mpimaji nayo imepona. Imepona kwa ukuta wetu! Jana kapita kunishukuru, kaleta chungwa. Moja.

Afisa kanishika mkono. Kasema anatumaini nimeona sasa kwamba ukweli wa mji huu unatosha, hauhitaji kuongezewa. Nimemwambia nimeelewa kabisa, na nilikuwa namaanisha.

Akaendelea, akasema baada ya sherehe anaandaa kitabu cha pili, kuhusu michezo. Anatafuta wachezaji wa timu ya kwanza ya mji, iliyotwaa kombe la ghuba. Watakaa jukwaa kuu siku ya sherehe. Hakuna kumbukumbu yoyote ya nani alikuwa golikipa.

Nimetazama vidole vyangu. Ni virefu kwa kweli. Kila aliyecheza siku ile amekufa au amehama, na shemeji ana glavu za kuoshea vyombo ambazo, zikilowekwa kwenye chai, zitafanana kabisa na ngozi. Safari hii nitaangalia kwanza mnara uko upande gani.