Vita vya Kisahani Chini ya Taa Nyekundu

Sogeeni, enyi mlioketi nanyi mliosimama, zimeni simu zenu, niwahadithie vita vilivyopiganwa ndani ya kisahani cha plastiki kinachoenea kiganjani. Na mtu asicheke kabla sijamaliza!

Palikuwa na mwanafunzi wa maabara aitwaye Mkono Thabiti, jemadari wa seli zile zijengazo ngozi mpya penye jeraha. Alizitandaza kisahanini, akazikwaruza kwa ncha ya plastiki, ukabaki mfereji mtupu katikati. Kisha akazimulika kwa taa nyekundu, aone kama mwanga utazihimiza kuuziba upesi kuliko zilizoachwa gizani. Wapi! Zote zilijikokota vilevile.

"Jaribu mara moja tu tena," alisema Mama Darubini, msimamizi wake. "Zikigoma, mwanangu, tafuta mada nyingine."

Maneno hayo yalimkata maini. Akakirudisha kisahani chini ya taa, akakodoa macho. Lo! Juu ya mfuniko, kwa kalamu nene ya wino mweusi, yeye mwenyewe alikuwa ameandika USIGUSE, na kivuli cha herufi hizo kilitanda juu ya mfereji wote. Hata mimi msimulizi sijui nicheke au nilie.

Lakini aliandika kwa sababu. Maabara ile ilikuwa na Bwana Naazima, mnyakuzi wa visahani, aliyeshika imani kwamba kisichoandikwa herufi kubwa hakina mwenyewe.

Basi shujaa akakwaruza seli mpya, nyingine akaziacha gizani, nyingine akazifunika kwa mfuniko usio na hata nukta, akawasha taa, akasimama mbele yake mikono kiunoni. Naazima akatokea.

"Ewe mpora vyombo!" akanguruma shujaa. "Hukigusi hiki ningali hai!"

"Dada, umekula lakini? Mimi nataka glavu tu."

"Glavu chukua. Na macho yako yabaki kwenye glavu!"

Akalinda pale kwenye taa, kisha mlangoni pa kabati la joto alimozilaza seli zake, hadi wote walipokwenda zao.

Kesho yake Mama Darubini aliinama akachungulia. Seli za gizani zilikuwa bado zinatazamana kwa mbali. Zilizomulikwa zilikuwa zimekutana katikati, mfereji haupo.

"Mada ni yako," akasema Mama. "Sasa rudia yote, tena kwa visahani vingi."

Shujaa alilia kwa furaha, halafu akalia tena alipoelewa. Vizazi na vijue: siku ile pengo jembamba kama unywele lilizibwa, na jemadari wake akalala mchana kutwa, viatu miguuni.