Mivengi Mia Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mama Joyness, mwenyekiti wa kamati ya chanzo cha maji, kapita asubuhi. Hakukubali hata kigoda. Bwana misitu anakuja Jumamosi kukagua vinyungu vyote, bustani zetu za bondeni. Kanikumbusha tulivyokubaliana kijijini: anayelima karibu na kijito apande pembeni yake mivengi mia, miti inayotunza maji, ndipo aachiwe alime. Asiye nayo anatolewa. Kauliza yangu inaendeleaje. Nimesema inaendelea.

Haiendelei. Miche niliyopewa Januari niliiweka nyuma ya choo nikisubiri mvua itulie. Ilipotulia nilikuwa Mbeya, Soweto, kwenye harusi ya shemeji. Narudi, mbuzi nao wameshafanya sherehe yao.

Na kinyungu chenyewe si changu. Ni cha mke wangu Lusia, kaachiwa na marehemu mama yake. Viazi vya pale ndivyo vinatulisha kiangazi chote. Kikichukuliwa, sijui nitamtazamaje.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda kumchungulia jirani yangu Kalinga. Mivengi yake mia na ishirini, mingine imefika kiunoni. Kila shina limefunikwa nyasi ili udongo usikauke. Mtu gani huyu! Kanisalimia "kamwene" kwa sauti ya msibani. Kasema twende wote kwa Mama Joyness tukaombe miche mingine na muda, kamati si ya wanyama. Nimemwambia ahangaike na yake. Anayekuhurumia kabla hujaanguka anakungoja uanguke.

Jioni akili imenijia. Kinyungu ni tope mwaka mzima. Tawi ukilichomeka pale linakaa bichi siku mbili. Nani anafukua kuangalia mizizi? Na matawi yapo, kule juu kwenye chanzo, mivengi ya zamani ambayo wazee walikataza panga lisiiguse. Ndiyo maana ina matawi mazuri.

Ijumaa, 15 Agosti

Kijiji kizima kimekwenda kuzika ng'ambo ya mlima. Nimesema kichwa kinauma. Nikapanda chanzoni na panga.

Tawi la hamsini na ngapi sijui, nasikia ndoo zinagongana. Wanawake wawili waliobaki kijijini wanakuja kuchota maji. Nikajitupa kwenye nyasi. Juu ya siafu. Wamekaa pale wakimsema marehemu, mimi nimeng'ata mkono wa shati na machozi yananitoka. Walipoondoka nilivua suruali yote.

Mia zimetimia. Nimezichomeka kwa mstari, nikazifunika nyasi shinani, vilevile kama ya Kalinga.

Lusia karudi, kaona, kashika mdomo. Kauliza nimetoa wapi. Nimesema Kalinga kanipunguzia yake. Nililoliogopa likaja palepale: katoka kwenda kumshukuru. Nimekaa mlangoni namngoja. Karudi anatabasamu. Kasema Kalinga kamsikiliza mpaka mwisho, kamtazama, kasema tu Mungu awabariki.

Kwa nini hakusema?

Jumamosi, 16 Agosti

Bwana misitu anaitwa Brayson, kijana mpole. Kahesabu moja mpaka mia. Kaandika, kanipa mkono. Tumepona!

Hatujapona. Kasema hajawahi kuona miche iliyoshika hivi kiangazi. Jumatatu analeta wakulima wa kijiji cha pili waje wajifunze kwangu. Lusia kalia kwa furaha. Kasema mama yake angeona.

Jumapili, 17 Agosti

Majani yamelegea. Wakati wa ibada nimepanda tena chanzoni, nimekata mia nyingine. Sasa jua linaingia mpaka kwenye maji. Nimelitazama lile jua, sikulipenda. Nikaondoka haraka.

Jumatatu, 18 Agosti

Wageni ishirini na wawili. Nimewafundisha. Nimesema siri ni kuongea na miche. Wameandika.

Wakaaga. Na Lusia, ambaye hajawahi kumwacha mgeni atoke shambani kwake mikono mitupu, kasema viazi havijakomaa, kwa hiyo atawapa mvengi mmoja wakaupande kwao. Nimesema acha. Nimesema mche utaumia. Kachukua jembe, kachimba taratibu kuuzunguka, mbali na shina, asikate mizizi. Kaingiza mikono kwenye tope kama anayempokea mtoto. Kanyanyua.

Kijiti. Chini kimekatwa panga.

Hakuna aliyecheka. Kang'oa wa pili, wa tatu. Kisha akakaa chini kwenye tope na kanga yake ya kanisani. Mama Joyness, aliyekuja na wageni, katazama matawi, kageuka akatazama juu, chanzoni. Nikajua kajua.

Jumatano, 20 Agosti

Hukumu ya kamati imetoka. Kulegezewa kumekwisha, sheria ya kutolima ndani ya mita sitini za maji inafuatwa. Kesho watapima kutoka kwenye maji, na kila kilicho ndani ya sitini kinaachiwa mivengi. Kwa macho yangu, kinyungu karibu chote kimo ndani. Lusia kaomba mwenyewe avune viazi vilivyomo vikikomaa. Wamemkubalia. Kalinga kajitolea miche, na yeye na Lusia wameanza kupanda. Ya kweli. Nimesogea kusaidia, Lusia kaniambia nisimguse. Ni neno lake la kwanza kwangu tangu Jumatatu, na hajaongeza lingine. Limeniuma kuliko siafu.

Adhabu yangu: kumwagilia mivengi ya chanzoni kila asubuhi mwaka mzima, na kesho kushika kamba ya kupimia. Wamenikabidhi kabisa nilale nayo ili nisichelewe.

Nimeitazama kamba. Ni mita sitini kamili, haina alama yoyote katikati.

Nimekata ishirini. Lusia atafurahi.