Seva Kwenye Kabati la Shuka

Jumatatu, 3 Machi
Siku kuu! Seva yangu, kompyuta ya kutunzia mafaili yetu yote hapa nyumbani, imewaka. Nimeiweka kwenye kabati la shuka, isipate vumbi. Humo nimehamishia picha zote za familia na tasnifu ya mke wangu, jasho la miaka mitatu, anayoiwasilisha chuoni Jumatatu ijayo. Kule mtandaoni tulikopanga nafasi ya kuhifadhia nimefuta kila kitu. Siri zetu zilale kwa watu baki kwa nini? Kwenye kompyuta ya mke wangu pia nimefuta, ilikuwa inajaa. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia nakala ya akiba inajitengeneza yenyewe kwenye diski ya pili, imefungwa kwa nenosiri refu ambalo hata mimi silikumbuki. Nimelihifadhi ndani ya seva. Hakuna penye ulinzi kuliko pale.

Shemeji, kaka yake, fundi wa kompyuta na mjuaji wa kupindukia, aliuliza kama nimeshajaribu kuifungua hiyo nakala. Nikacheka. Kijicho hakina dawa.

Jumatano, 5 Machi
Kabati linagonga. Ko, ko, ko. Shuka zina joto kama zimetoka kupigwa pasi. Mke wangu akauliza kuna nini humo. Ni seva, najua, lakini nikasema panya. Akataka nimtoe. Nimetega mtego mbele ya seva yangu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Kimya. Seva imekufa! Nimeibembeleza, nimeipuliza, nimeizima na kuiwasha. Wapi! Nikajipa moyo, nikachomeka diski ya pili. Ikadai nenosiri. Nenosiri liko ndani ya seva. Seva ni maiti. Nilikaa chini sakafuni.

Mke wangu anaitaka sura ya mwisho, airekebishe. Nimesema seva inapumzika. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejaribu majina ya watoto, jina la mama mkwe, hata matusi. Diski imekataa katakata. Mke wangu akikohoa tu, nashtuka. Mwisho nikameza kiburi, nikaibeba seva kwa shemeji ndani ya mfuko wa viazi, nikadai ni ya rafiki yangu. Akaniomba nimwambie huyo rafiki amsalimie dada yake, yaani mke wangu. Maji yakanipalia.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji ni jini! Amebadilisha kipuri, seva ikaamka kidogo, akaiwahi tasnifu nzima kabla haijakata roho. Picha zote, hata za harusi, ndiyo basi tena, nami nimezililia kweli. Tasnifu amenipa kwenye flashi. Akanisihi nimkabidhi dada yake leo leo, mkononi, nisiiguse. Nimemshukuru kwa mikono miwili.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari. Nikimpa flashi, atajua seva ilikufa, na sifa zote zitakwenda kwa shemeji. Bora aione tasnifu ikitoka kwenye seva mpya. Kompyuta ya zamani ninayo. Ila kuigeuza seva kunataka flashi tupu ya kuwekea programu, na humu ndani flashi ni hii moja. Basi tasnifu nimeihamishia kwenye hiyo kompyuta, flashi nimeifuta, kazi imeanza. Mke wangu amechungulia mlangoni, akauliza kama kesho yuko salama. Nimemwambia akapige pasi gauni lake. Kompyuta nayo imeuliza kama nakubali diski yake ifutwe yote kwanza. Nimekubali. Seva nzuri huanza na usafi.