Mtaa Usiotaka Mkubwa

Habari ilifika kwenye baraza la Seleman Dele, muuza kahawa, kabla kahawa haijachemka: jumbe kapanda treni ya kwenda pwani na wake zake wote, kuku wake, na kile kiti cha kukunja alichokuwa akikalia kuamulia kesi. Hakuaga mtu.

"Kakimbia nini?" aliuliza Mzee Yunusi. Nachingwea nzima ilimwita Wakili, kwa kuwa alikwisha kushindwa kesi katika kila baraza, toka Ruangwa hadi Lindi.

"Katukimbia sisi," alijibu Mwanaima, akigeuza mihogo yake juu ya makaa. Yeye walimwita Sitaki. Ndilo jibu alilompa kila mtu, na kila mposaji.

Kornel Tingatinga hakucheka. Miaka mitatu aliendesha tingatinga kwenye mashamba ya karanga, mpaka mradi ulipokufa na pori likaanza kurudi kudai mali yake. Huko kwenye karakana, Mtaliano mmoja fundi wa injini alimfundisha jambo ambalo tangu hapo lilimnyima usingizi.

"Jamani, hii ndiyo anakia!" alisema.

"Dawa ya minyoo?" aliuliza Seleman.

"Ni watu kuishi bila mkubwa! Hakuna jumbe, hakuna akida, hakuna bwana. Kila mtu na akili yake."

"Mwenye akili ndogo je?" aliuliza Yunusi.

"Ataazima kwa jirani."

"Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Kornel alinyoosha mguu wake wa kulia, ulioungwa ukaungika upande. "Mimi nilisikia la mkuu. Aliniambia nipitishe tingatinga juu ya kisiki. Guu si hili?"

Baraza likacheka. Hata Yunusi alikubali kwamba ushahidi umekaa vizuri.

"Haya, tutaienezaje?" akauliza. "Lazima tupate mkubwa wa kuhakikisha hakuna mkubwa."

"Tutaieneza kwa vitendo. Tuanze sasa hivi na kahawa. Seleman asimpangie mtu zamu!"

Seleman akaweka vikombe chini, akafumbata mikono. Mikono ikarukia dele la kahawa kwa pamoja. Kahawa ikanywesha vumbi, Yunusi akaungua kidole, bwana mmoja aliyekuwa akipita zake kwenda sokoni akaondoka na kikombe.

"Pangeni mstari!" alifoka Kornel.

"Kwa amri ya nani?"

"Si amri! Ni ushauri wenye sauti!"

Wakiwa katika vurugu hizo, akatokea Tadeo na tarabushi lake jekundu, tarishi wa bomani kwa Mzungu mkuu wa wilaya. Aliegemeza baiskeli ukutani.

"Bwana Shauri anataka jina la jumbe mpya leo kabla jua halijazama. La sivyo, analeta mpwa wa akida kutoka Chiola."

Vurugu zikakoma. Mpwa huyo ndiye aliyewachimbisha watu wa Marambo barabara mpaka siku ya Idi.

"Mwambie hatutaki mtu," alisema Kornel.

"Nikisema Hatutaki, karani ataandika Hatutaki. Kesho Hatutaki ataitwa bomani. Asipotokea, mtatafutwa nyote kwa kosa la kumficha."

Yunusi alikuna kidevu. "Basi mpelekee jina la Kornel."

"Mimi? Mimi ndiye nisiyetaka!"

"Ndiyo sifa yenyewe. Aliyekipenda kiti kaondoka nacho."

"Nakataa! Msinichague!"

"Ni amri?" aliuliza Yunusi kwa upole. "Hukusema hakuna wa kuamuru watu? Unatukatazaje kukuchagua?"

Kornel akamgeukia Mwanaima. "Dada, sema neno lako lile."

Mwanaima akapangusa mikono. Mwaka uliopita naye alichimbishwa barabara ile ya Marambo, na mawe yake yalikuwa yamemwachia makovu viganjani. "La mpwa wa akida, sitaki," alisema. "La kwako, nataka."

Neno hilo hakuwa amewahi kulitamka mbele za watu. Kornel akatazama vile viganja, kisha mguu wake. Akashusha pumzi kama gurudumu lililotoboka.

"Andika," akamwambia Tadeo.

Tarishi akapanda baiskeli, akaenda. Watu wakasimama wote. "Shikamoo, jumbe!"

"Kaeni! Nasema kaeni!" Wakakaa, naye akazidi kukasirika. "Sikilizeni. Amri yangu ya kwanza na ya mwisho: mtu yeyote asinitii!"

Yunusi akafumba macho, akiitafuta kasoro ya kisheria. "Tukikutii tumekuasi," alinong'ona. "Tukikuasi tumekutii. Sheria safi sana hii. Haishindiki hata Lindi."

"Mmeikubali?"

"Tumeikubali, jumbe."

Kornel alijifuta jasho. Koo lilikuwa limemkauka kama karanga za mradi. Akanyoosha mkono.

"Seleman, hebu nimiminie kahawa."

Seleman akazima makaa, akakusanya vikombe, akaning'iniza dele mkononi na kushika njia ya kwao.

"Samahani, jumbe," alisema bila kugeuka. "Mimi raia mtiifu."