Tulitafuta Kitanda

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mvua tangu alfajiri. Daktari wa macho kutoka Hispania anakuja kupima watu Lusewa. Anatafutwa mkalimani. Nimeshamwambia mchumba wangu Esteria kwamba kazi ni yangu. Na baba yake. Na nusu ya Lizaboni. Mtihani Alhamisi: barua ya Kihispania, ueleze ulichofanya jana yake. Msahihishaji ni Sista Kunegunda, aliyeishi Hispania miaka sita. Mpinzani mmoja tu, Biasha fundi cherehani, anayejifunzia kwenye simu huku anashona. Huyo simhesabu.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Kutafuta ni buscar. Nikaandika "nilitafuta" buscé. Biasha alicheka mpaka akajichoma sindano. Kumbe c inageuka qu: busqué. Kufika ni llegar, lakini "nilifika" inadai u katikati: llegué. Kuanza ni empezar. Hapo z inatoroka, inakuja c: empecé. Nani aliziruhusu herufi hizi? Nimejilaza na viatu miguuni.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Majivu yamenikaa vizuri usoni. Halafu, ugunduzi! Herufi zinageuka kwenye "mimi" tu. Kwenye "sisi" hazina shida: buscamos, llegamos, empezamos. Basi mimi ndiye tatizo. Namfuta!

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwisha. Sista aliisoma barua mbele ya watu, akitafsiri. Esteria alikuwepo, kaja kunishangilia. "Jana jioni tulifika nyumbani. Tulitafuta kitanda. Tulianza kuimba." Sista alikiri hakuna herufi iliyokosewa. Esteria akauliza, taratibu mno: "Isidori, wewe na nani?"
Nikasema ni sarufi tu.
Akauliza huyo Sarufi anakaa mtaa gani.
Kazi kapewa Biasha.

Ijumaa, 7 Machi
Baba yake Esteria kaniita. Nikatoa shikamoo, akaitikia huku anatazama ukuta. Posa imesimama mpaka nijieleze. Sista kanihurumia: niandike barua upya kwa "mimi", atamsomea Esteria mwenyewe. Herufi tatu tu, alisema, jioni moja inatosha.

Jumamosi, 8 Machi
Herufi tatu tangu asubuhi. Sijala. Nimelia kidogo. Halafu nikaona: "yeye" nayo haigeuki! Buscó, llegó, empezó. Nimeandika yote upya: alifika nyumbani kwangu, alitafuta kitanda, alianza kuimba. Hiyo "kwangu" nimeiongeza ijulikane ni mimi. Barua iko kwa Sista tayari. Esteria atatulia sasa. Humo hamna "sisi" tena. Kuna yeye tu.