Mkono Nilioutambua Siku ya Krismasi

Masanja, leo nimevuliwa nguo mbele ya kiwanda kizima. (Suruali ninayo. Nazungumzia heshima.) Nakuandikia huko Nyarugusu kwa hasira, kabla watu wa basi hawajakufikishia kisa hiki kwa namna yao.

Unajua mke wangu, Mama Kabula, alirudi kwao Kahama tangu Oktoba. Alisema amechoka: maji yeye, kuni yeye, kutwanga yeye, na mimi nikitoka kazini nakaa kama mgeni. Nikatuma watu, nikaomba radhi, nikaahidi. Juzi mama yake akamleta mwenyewe. Hakuja kula pilau. Alikuja kunitazama siku tatu, kisha aamue kama mwanawe anabaki au anageuza naye. Na wewe ni Msukuma, unajua mkwe ni mtu gani. Mkono wake hupewi. Unamwamkia kwa mbali umeinama, na maneno yake yanakufikia kupitia kwa mkeo.

Sasa leo kiwanda chetu cha pamba kimefanya sherehe ya Krismasi, wafanyakazi na familia zao, watu kama mia tatu uwanjani. Michezo alikabidhiwa Chilewa wa stoo, yule Mgogo. Tukavuta kamba, tukakimbia na magunia, tukakimbiza kuku. Michezo ya watu wenye akili. Ningeondoka hapo na jasho langu, ningekuwa mtu hadi sasa. Lakini Chilewa akaweka kilo mbili za sukari mezani, akatangaza mchezo wa mwisho: wake wanasimama mstari wamenyoosha mikono, mume anafungwa kitambaa machoni, anapapasa mpaka amtambue wa kwake.

Sukari, Masanja! Tangu Septemba tunakunywa chai ya chumvi. Tena niliona ndiyo nafasi: mama mkwe, aliyekuwa amekaa kivulini na wazee wenzake, ashuhudie kwamba namjua mwanawe hata gizani. Mama Kabula akaingia mstarini. Mimi nikajipeleka mbele bila kuitwa. (Sehemu ya hasira hii ni juu yangu mwenyewe, sikatai.)

Nikafungwa kitambaa. Mkono wa kwanza una pete mbili, si wetu. Wa pili mnene. Wa tatu laini, hauna hata sugu moja. Nikauachia na kusema kwa sauti, "Huu ni wa mtu asiyejua mchi." Watu wakacheka. Nikavimba kichwa, nikaendelea.

Wa mwisho niliutambua mara moja. Kiganja kigumu, sugu chini ya kidole gumba. Nikaushika kwa mikono yangu miwili, nikauinua juu.

"Huyu ndiye! Mkono huu ndio unaonipikia. Mkono huu ndio unaonikanda mgongo!"

Watu mia tatu, na nilisikia kuku akikwaruza ardhi.

Nikavua kitambaa. Nilikuwa nimemshika mama mkwe.

Nilimgeukia Chilewa. "Kwa nini hukumzuia?"

"Ningemzuiaje? Alikuja na kopo lake, akasimama nyuma ya wenzake. Nikajua ni mke wa mtu."

Kumbe mama wa watu ameona wanawake wamejipanga, mikono mbele, sukari mezani. Mwaka huu wa uhaba nani anauliza foleni ni ya nini? Unaingia kwanza, unauliza ukiwa ndani. Ngumi yangu ilikuwa tayari kwa Chilewa. Lakini Mgogo ni mtani wetu, na ukimpiga mtani kwa jambo la kuchekesha umejiongezea aibu. Analijua hilo, mshenzi yule, ndiyo maana alikuwa akicheka karibu kabisa na ngumi yangu.

Halafu nikatazama mstari. Ule mkono laini, wa tatu, bado ulikuwa umenyooshwa. Ulikuwa wa Mama Kabula.

Mama mkwe hakunitazama. Alimwambia binti yake, taratibu, "Mwambie mumeo, miezi miwili kwangu hukushika mchi. Mikono yako imepona. Ndiyo maana hakuijua."

Hapo nikatafuta wa kumkasirikia, Masanja, nikakosa.

Sukari akapewa yeye. Chilewa (hana haya) alisema aliyetambuliwa ndiye mshindi. Mama mkwe akaimimina kwenye kopo lake, tukarudi nyumbani tumefuatana kama watu watokao msibani. Mlangoni akamwambia tena binti yake, nami nikisikia, "Hatuondoki kesho. Tutakaa mpaka Mwaka Mpya. Nataka kuiona mikono ya mumeo."

Basi tangu saa kumi natwanga mahindi uani, na majirani wote wamekumbuka leo leo kuja kuazima chungio. Mwandiko huu mbaya ni wa malengelenge. Wewe cheka tu. Lakini mwakani wakirudia mchezo ule, atakayefungwa kitambaa ni Mama Kabula, na mkono wangu hautampotea.