Wakuu Wawili wa Wodi ya Akili

Jumatatu, 4 Machi 1974

Barua imekuja kutoka Dar. Wodi yetu ya wagonjwa wa akili sasa ina wakuu wawili: mimi, Daktari Alawi, na muuguzi Bi Mardhiya. Sawasawa, hakuna wa juu! Mgonjwa haruhusiwi kwenda kwao bila sahihi zetu zote mbili. Sielewi. Bi Mardhiya ni rika la mama yangu, na kila asubuhi mimi ndiye ninayempa shikamoo, tena mbele ya wagonjwa. Mkuu gani huanza kumwamkia mwenzake? Nimeamua: simwamkii tena.

Jumanne, 5 Machi

Nimewahi kufika. Nikajibanza nyuma ya mlango, nimngoje anisalimu kwanza. Akaingia, akauliza nimelalaje. Nikakataa kuitikia. Akaandika kitu daftarini. Nimeshinda? Sijui.

Jumatano, 6 Machi

Mgonjwa wetu Mzee Ausi amepona. Keshokutwa binti yake anaolewa Mlingotini, na mzee anataka kumwozesha kwa mkono wake. Nikaletewa cheti chake cha ruhusa ya kwenda kwao. Bi Mardhiya keshatia sahihi, tena juu! Nafasi yangu chini. Nikakataa. Mzee Ausi akanishika mkono, machozi yakimlengalenga. Nikaona aibu kweli. Nikakimbilia chooni, nikajiamrisha kwa sauti nisilegee. Kufungua mlango, Bi Mardhiya huyo, anaandika!

Alhamisi, 7 Machi

Leo Bi Mardhiya kaja na adabu zake zote. Kaandika cheti cha Mzee Ausi upya, kaniomba nitie sahihi juu. Nikatia mbio mbio! Akanipa na cha pili, cha mfanyakazi mmoja, hakina jina. Maelezo: haitikii salamu, hujibanza nyuma ya mlango, hujiamrisha chooni. Maskini! Nikaandika kwamba huyu asikanyage wodini kufanya kazi, apumzike nyumbani majuma mawili. Sahihi kubwa, juu. Naye akatia yake chini, akasema wakuu wameafikiana. Kisha akajaza jina.

Langu.

Ijumaa, 8 Machi

Niko nyumbani. Mzee Ausi kanipitia akienda harusini, kanzu imepigwa pasi. Nikampa shikamoo. Akafurahi mno, akasema hiyo ni dalili njema, nami nitapona.

Nimewaza kutwa nzima kosa langu liko wapi. Nimeligundua! Nyuma ya mlango miguu inaonekana. Nikirudi kazini, najificha kabatini.